Bwana Archibald McIndoe, Fundi wa Nyuso

Hapa Gisenyi ni wachache wasiomjua mtoto aliyeungua. Jiko la makaa huwekwa chini, sufuria ya maharage huchemka saa nyingi, na mtoto anayejifunza kutambaa hana habari ya moto. Akipona, mara nyingi huachiwa mkono uliokunjamana au kidevu kilichoshikamana na shingo, na tangu siku hiyo kila apitapo njiani watu humtazama mara mbili. Kwa ajili hiyo tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu maisha ya tabibu mmoja aliyefanya kazi ya kuwarudishia watu ngozi na nyuso zao. Alizaliwa mbali sana na Afrika, lakini mwisho wa maisha yake alishiriki katika jambo lililowafaa watu wengi wa Afrika ya Mashariki.

Archibald Hector McIndoe alizaliwa tarehe 4 Mei 1900 katika mji wa Dunedin, nchi ya Nyuzilandi, visiwa vilivyo kusini kabisa, kupita Australia. Baba yake alikuwa mpiga chapa. Mama yake, Mabel Hill, alikuwa mchoraji wa picha mwenye sifa katika nchi ile. Nataja kazi ya mama kwa sababu mtoto alikuja kuwa mtu wa kutazama uso wa mwanadamu kwa makini kuliko sisi tuutazamavyo.

Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Otago, akafanya kazi kidogo katika hospitali ya Waikato, na mwaka 1924 akapewa msaada wa kwenda kuendelea na masomo Mayo Clinic, hospitali mashuhuri ya Marekani. Msaada ule ulikuwa wa kijana asiye na mke. Kumbe bwana huyu alikuwa anataka kumwoa Adonia Aitken! Basi wakaoana mwaka ule ule kwa siri, yeye akaondoka peke yake, na bibi akamfuata baada ya mwaka mmoja hivi. Huko Marekani alichunguza ini na mishipa ya damu ipitayo ndani yake, akaandika habari zake katika magazeti ya kitaalamu. Huenda msomaji akaona kwamba ini na ngozi ni vitu mbalimbali. Lakini katika kazi yake ya baadaye, swali lilikuwa lile lile kila siku: je, damu inafika?

Tabibu mkubwa wa Uingereza, Lord Moynihan, alimwona akifanya kazi na akamshawishi aende London. McIndoe akaenda na jamaa yake mwaka 1930, naye hakukuta kazi yoyote iliyokuwa ikimngoja. Aliyemwokoa ni ndugu wa ukoo, Bwana Harold Gillies, ambaye naye alikuwa mzaliwa wa Dunedin. Gillies ndiye aliyewatengeneza askari walioharibika nyuso katika Vita Kuu ya Kwanza, na wakati ule alikuwa mwalimu wa kazi hiyo katika Uingereza. Alimwita McIndoe afanye kazi pamoja naye, na hapo ndipo kijana huyu alipojifunza kuhamisha ngozi.

Yafaa tueleze kazi yenyewe, kwa maana wengi hudhani ni kushona tu kama fundi cherehani. Kuna njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni kukata utando mwembamba wa ngozi, tuseme pajani, na kuutandika juu ya kidonda kilichosafishwa. Kiraka hiki hakina damu yake. Siku moja au mbili za kwanza huishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda, kama tawi lililochomekwa katika udongo wenye maji. Kisha mishipa midogo ya damu hukutana na mishipa ya kiraka, na baada ya siku tano au saba kiraka huwa kimeshika. Usaha ukiingia chini yake, au kikisogezwa, au damu ikakusanyika chini yake, hufa.

Njia ya pili hutumika mahali penye shimo kubwa, au palipobaki mfupa mtupu, ambapo kiraka chembamba hakiwezi kushika. Tabibu hukata ngozi nene pamoja na mafuta yake, lakini haikati yote. Huacha upande mmoja umeshikamana na mwili ili damu iendelee kupita, mfano wa ulimi ulioshikamana na kinywa. Mwaka 1917 Gillies alipata werevu wa kuikunja ngozi ya namna hii na kuishona iwe kama mrija, ikawa imesimama mwilini mfano wa mkono wa birika. Ncha moja ikisha kushika mahali papya, ncha ya pili hukatwa na kusogezwa mbele. Hivyo ngozi ya tumbo iliweza kusafiri mpaka kwenye kifundo cha mkono, na kutoka hapo mpaka puani, hatua kwa hatua, kwa miezi mingi. Mgonjwa alikaa wiki kadhaa mkono wake umeshonwa usoni. Ilitaka uvumilivu, nayo ilikuwa na hofu moja: asubuhi tabibu angeweza kukuta ncha ya ule mrija imegeuka rangi, kwanza samawati, kisha nyeusi. Hapo damu haifiki, na kazi ya miezi mitatu imepotea.

Nitatoka kidogo njiani, kwa kuwa jambo hili la damu kutofika lilipata msaada mpya katika miaka ya 1950 na 1960, nasi watu wa ziwa la Kivu twaweza kulifahamu upesi. Sote twajua kwamba chini kabisa ya ziwa letu, ambalo kina chake hufika mita 485 hivi, mna gesi nyingi. Gesi ile haitoki kwa sababu uzito wa maji yaliyo juu huishindilia, ikayeyuka ndani ya maji kama sukari katika chai. Maji yale yakivutwa juu kwa bomba, shinikizo hupungua na gesi hutoka kwa mapovu. Ndivyo gesi ya kuwasha mitambo inavyopatikana. Chupa ya soda hufanya vivyo hivyo ukiifungua. Basi madaktari walifikiri hivi: ikiwa mgonjwa atawekwa ndani ya chumba cha chuma kisichopitisha hewa, shinikizo likaongezwa mpaka mara 2 au 2.5 ya lile la hewa ya pwani, sawa na kuzama majini mita 10 hadi 15, naye akavuta oksijeni tupu, basi oksijeni itayeyuka katika maji ya damu kuliko desturi. Damu kidogo ifikayo kwenye ngozi iliyo taabani itabeba chakula kingi zaidi.

Tabibu Ite Boerema wa Amsterdam ndiye aliyefungua njia hii kwa matabibu wa upasuaji, tangu mwaka 1956. Mwaka 1967 Daktari Perrins wa Uingereza alitoa habari za wagonjwa 48 waliowekewa viraka vya ngozi. Nusu yao waliingizwa katika chumba hicho, nusu nyingine hawakuingizwa. Kwa wale wa kwanza, ngozi iliyoshika ilikuwa kadiri ya 84 kwa mia. Kwa wengine, 63 kwa mia. Hata leo chumba hiki hutumika kuokoa ngozi inayoelekea kufa, kwa vipindi vya saa moja na nusu au mbili, siku kwa siku. Si dawa ya kila kiraka, maana kiraka chenye afya hakikihitaji. Tena kina gharama, huweza kuumiza masikio na mapafu, na palipo na oksijeni nyingi cheche moja yatosha kuleta msiba. Wala hakimwondolei tabibu kazi ya kukata vizuri na kusafisha vizuri. McIndoe hakuwa nacho. Alikuwa na macho yake, vidole vyake, na, kama tutakavyoona, maji ya chumvi.

Turudi kwenye habari zake. Mwaka 1938 aliteuliwa kuwa mshauri wa jeshi la anga la Uingereza katika kazi hii. Vita vilipoanza mwaka 1939, nchi nzima ya Uingereza ilikuwa na wataalamu wanne tu waliozoea kutengeneza nyuso: Gillies, Kilner, Mowlem na yeye. Serikali iliwatawanya, naye akapelekwa hospitali ndogo ya Queen Victoria katika mji wa East Grinstead, karibu kilomita 50 kusini ya London.

Mwaka uliofuata vita vya angani vikaanza. Katika ndege za kivita za namna ya Hurricane tangi moja la petroli lilikuwa mbele ya rubani. Likipigwa risasi, moto ulimfikia usoni na mikononi katika sekunde chache, na ilimbidi kutumia mikono ile ile kufungua kifuniko na kuruka. Vijana hawa wengi walikuwa na miaka 20 au 22. Walifika hospitali hawana kope, hawana pua, vidole vimeshikana. Katika vita vilivyopita mtu aliyeungua hivyo alikufa. Sasa waliweza kuishi, na hapo ndipo lilipozuka swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria sawasawa, yaani waishi namna gani.

Dawa ya kuungua katika siku zile ilikuwa asidi ya taniki, dawa ile ile itumikayo kulainisha ngozi ya ng'ombe kiwandani. Ilifanya gamba gumu juu ya kidonda. Kwa kidonda kidogo haikuwa na neno, lakini juu ya mikono ilikaza vidole visikunjuke, na machoni ilivuta ngozi hata jicho likakaa wazi, likakauka na kupofuka. McIndoe alipiga kelele mpaka dawa ile ikaachwa. Tena aliona jambo ambalo wengine walipita bila kuliona: marubani walioanguka baharini walipona vizuri kuliko walioanguka nchi kavu. Akaamuru ziletwe bafu, maji yatiwe moto kidogo na chumvi kwa kipimo, na wagonjwa walazwe humo. Bandeji zilizokuwa zikibanduliwa kwa maumivu makali sasa zilielea zenyewe. Vidonda vikawa safi, na kiraka kikiwekwa juu ya kidonda safi hushika.

Kazi ya kwanza ilikuwa kope, ili kuokoa macho. Alichukua ngozi laini ya ndani ya mkono akatengeneza kope mpya. Kisha midomo, kisha pua kwa ule mrija wa ngozi, kisha vidole kimoja kimoja. Wengine walipasuliwa mara kumi, wengine mara thelathini na zaidi.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, si hayo yanayompa haki ya kukumbukwa. Walikuwapo waliomzidi Gillies, na labda waliomzidi McIndoe, kwa ustadi wa kisu. Yeye aliona kwamba kijana mwenye pua mpya akifichwa chumbani, amekufa nusu. Wodi yake, Wodi namba 3, ilikuwa banda la mbao, nayo haikufanana na wodi nyingine za jeshi. Askari wagonjwa walikuwa na desturi ya kuvishwa nguo za buluu za hospitali; yeye alikataa, wakavaa sare zao za jeshi au nguo zao za nyumbani. Vyeo havikutenganishwa, afisa alilala kando ya sajini. Pipa la bia liliwekwa humo humo wodini. Mkubwa wa wauguzi wa hospitali ya kawaida angezimia kwa kuona mambo hayo, na wakubwa wa jeshi nao walinung'unika. Lakini McIndoe alikuwa amekataa kuvaa sare ya jeshi, akabaki raia, kwa hiyo hakuna jenerali aliyeweza kumwamrisha. Palikuwa na kanuni kwamba askari asiyepona kwa siku 90 aondolewe jeshini. Aliipinga hata vijana wake wakaendelea kupata mishahara yao wakati wa matibabu.

Kisha akawaendea watu wa mji. Aliwaeleza waziwazi kwamba watakutana madukani na katika njia zao na watu wenye nyuso za kutisha, wenye mirija ya ngozi imening'inia kutoka begani hadi puani, na kwamba wasiwakodolee macho wala wasigeuze nyuso zao. Aliwaomba wawakaribishe majumbani. Wakafanya hivyo. Wakawapa chai, wakacheza nao dansi, wasichana wa mji wakaolewa na baadhi yao. East Grinstead ukapata sifa ya kuwa mji usiokodoa macho. Jaribu kufikiri, msomaji, ni mitaa mingapi ya miji yetu ingestahili jina hilo.

Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe waliunda chama, wakakiita Chama cha Simbilisi, yaani vile vinyama vidogo visivyo na mkia ambavyo watoto wa huku hufuga. Wazungu hupenda kujaribia dawa mpya juu ya simbilisi, na wagonjwa hawa walijua kwamba wao nao walikuwa wakijaribiwa, kwani mengi aliyoyafanya McIndoe hayakuwa yamefanywa kabla. Mwandishi wa chama alichaguliwa mtu mwenye vidole vilivyoungua ili asiandike barua nyingi. Mtunza fedha alichaguliwa mwenye miguu iliyoungua ili asiweze kukimbia na sanduku. Vita vilipokwisha mwaka 1945 chama kilikuwa na watu 649, Waingereza na Wakanada na Waaustralia na Wapolandi na wengineo.

Tusimfanye malaika. Alikuwa mtu wa amri, mwenye maneno makali, na alipenda sifa na fedha. Baada ya vita alikuwa na wagonjwa matajiri huko London waliotaka nyuso nzuri zaidi ya walizopewa na Mungu, nao walimlipa sana. Bibi yake na binti zao wawili walikuwa wamekwenda Marekani kuepuka vita, na ndoa haikupona utengano ule; waliachana mwaka 1953, naye akaoa tena mwaka 1954. Hata mikono yake ilimwasi: kano za kiganja zilijikaza zikavuta kidole, ikambidi alale yeye mwenyewe mezani apasuliwe. Mwaka 1947 mfalme alimpa heshima ya kuitwa Sir.

Sasa tufike kwetu. McIndoe alikuwa na shamba Tanganyika, chini ya mlima Kilimanjaro. Mashamba ya walowezi katika sehemu zile yalikuwa na historia chungu. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, upande wa mlima Meru, ili nchi yao wapewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alipeleka malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Haifai kuyanyamazia hayo kwa sababu tu tunamsifu tabibu.

Jirani yake mlimani alikuwa Daktari Michael Wood, Mwingereza aliyekuwa akipasua Nairobi na ambaye alikuwa amekwenda East Grinstead kujifunza kazi ya ngozi. Mwanafunzi mwingine wa East Grinstead alikuwa Daktari Thomas Rees wa New York. Watatu hawa walikutana nyumbani kwa Wood mwaka 1956, wakazungumza juu ya waliyokuwa wakiyaona. Watoto waliotumbukia motoni, watu waliokatwa na ukoma, watu walioraruliwa na wanyama, wote walikuwa mbali na hospitali kwa mwendo wa siku nyingi, na walipofika makovu yalikuwa yamekwisha kukaza. Kumleta kila mgonjwa Nairobi haikuwezekana. Wakaona ni heri tabibu aende kwa mgonjwa, kwa ndege ndogo, na hospitali za misheni za porini ziunganishwe kwa simu ya upepo ili ziweze kuita msaada. Mwaka 1957 huduma ile ikaanzishwa, na ndiyo iitwayo leo Amref Health Africa, makao yake makuu yakiwa Nairobi. Ndege zake huondoka uwanja wa Wilson hata sasa. Kazi ya miaka yote iliyofuata ilifanywa na Wood, aliyefariki mwaka 1987, na waganga na wauguzi wa Kiafrika waliozidi kuwa wengi mwaka kwa mwaka. McIndoe alitoa jina lake, marafiki zake wenye fedha, na mashauri.

Hakuiona ikikua. Usiku wa tarehe 11 Aprili 1960 alilala nyumbani kwake London na moyo ukasimama. Alikuwa hajatimiza miaka 60. Majivu yake yalizikwa katika St Clement Danes, kanisa la jeshi la anga la Uingereza, heshima ambayo haikupewa tabibu mwingine wa kiraia. Mwaka uliofuata, pale East Grinstead, ilifunguliwa maabara yenye jina lake pamoja na la rafiki zake, jamaa ya Blond, ili kuchunguza kwa nini mwili hukataa ngozi ya mtu mwingine.

Watu wa chama waliendelea kukutana East Grinstead kila mwaka, wakipungua, hata wakawa wazee wachache. Mwaka 2014 mji uliwekewa sanamu ya shaba. Aliyeitengeneza, Martin Jennings, ni mtoto wa mtu aliyetibiwa na McIndoe. Katika sanamu hiyo rubani ameketi, mikono yake iliyoungua imekunjamana, uso wake ameuinua kutazama angani. McIndoe amesimama nyuma yake, ameweka mikono juu ya mabega ya kijana. Kuna kiti kimeachwa pale, na wapita njia hukaa.